Picha ya Mfereji: Siku Zangu Xi'an, Mji Uliokosa Chakula



Tangu nirudi kutoka Uchina, watu wananiuliza paka kitu kimoja: "Foto ziko wapi?" Nilipiga nyingi, mia sita na kitu. Telefone ilijaa mpaka nikafuta picha za arusi ya binamu yangu (tafadhali msimwambie). Jumapili ya kwanza nyumbani, pale Katuba, baba alikaa kwenye kiti chake, mama kando yake, wadogo zangu nyuma, na telefone ikapita mkono kwa mkono. Askari wa udongo: "Eeeh!" Ukuta wa mji: "Eeeh!" Kisha mama akafika kwenye picha moja, akaivuta kwa vidole ikuwe kubwa, akaiangalia sana. Ilikuwa picha ya mfereji wa maji. Kando zake ni saruji, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na mzee mmoja amesimama kwa mbali, jembe begani.

"Sasa weye, ulienda paka ku Chine ju ya kupiga foto ya mufereji?"

Wote wakacheka, hata mimi. Lakini ile picha njo ninayoipenda kuliko zote. Leo nataka kueleza sababu. Nitapita picha tano, moja moja, na historia iliyo nyuma ya kila moja, na mwishoni nitawaomba kitu.

Kwanza, niliendaje? Wengi mnajua nilichaguliwa kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya kilimo cha sehemu zenye mvua kidogo. Nilipitia Addis Ababa, kisha Beijing, kisha treni ya mwendo wa kasi mpaka Xi'an. Mafunzo yalikuwa Yangling, mji mdogo magharibi mwa Xi'an, wenye chuo kikuu kikubwa cha kilimo na misitu. Siku za mapumziko walitupeleka kutembea. Tulikuwa Waafrika wa nchi mbalimbali. Rafiki yangu mkubwa alikuwa dada mmoja wa Zambia, na tulisikilizana kwa Kibemba, ju Kiingereza changu mnakijua.

Picha ya kwanza: juu ya ukuta

Hapa niko kwenye kinga ya kukodi, juu ya ukuta wa Xi'an, kofia imepinda, jasho limejaa. Ndiyo, juu ya ukuta watu wanapanda kinga. Una kimo cha mita 12 hivi, na kule juu upana wake ni mita 12 mpaka 14, malori mawili yanaweza kupishana. Mzunguko mzima ni kilomita 13 na nusu na zaidi. Ulianza kujengwa mwaka 1370, chini ya mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming. Nilianzia mlango wa kusini, nikazunguka kutwa nzima ya asubuhi, nikisimama kila mara kupiga picha, na kila mara nikiombwa na mimi nipigwe picha na watu nisiowajua.

Niliposhuka, nikajisifu kwa mwalimu wetu wa historia, mzee mstaafu aliyekuwa anatuongoza: "Leo nimezunguka mji wote wa zamani!" Akacheka polepole. Akasema: huu ukuta ni wa Ming. Mji wa Tang, uliokuwa hapa kabla, ulikuwa mara saba ya huu.

Wandugu, mara saba! Wakati wa Tang, yaani kuanzia 618 mpaka 907, mji uliitwa Chang'an, maana yake amani ya kudumu. Ulipangwa mwaka 582, chini ya ukoo wa Sui, na fundi mkuu aliyeitwa Yuwen Kai, kwa mistari iliyonyooka kama shamba la majaribio pale fakilte. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 84 hivi. Ulikuwa na mitaa 108, kila mtaa na ukuta wake, na milango iliyofungwa jioni ngoma ikilia. Kulikuwa na masoko mawili makubwa, moja mashariki na moja magharibi. Barabara ya katikati ilikuwa na upana wa mita 150 hivi. Waajemi na watu wa Asia ya Kati walikuja kufanya biashara. Hata Wakristo wa kanisa la Siria walifika mwaka 635, na jiwe lao, lililochongwa mwaka 781, liko bado Xi'an katika makumbusho ya mawe. Nilisimama mbele yake. Msalaba mdogo umechongwa juu kabisa, chini maandishi ya Kichina.

Wanahistoria wengi wanahesabu kwamba Chang'an na pembeni yake kulifika watu milioni moja. Na hapo kichwa changu cha agronomi kikaamka. Milioni moja ya watu, bila lori, bila treni. Walikula nini? Nani alikuwa anawalimia? Tangu siku ile nilibeba swali hilo kila mahali walipotupeleka.

Picha ya pili: askari wa udongo

Hii njo picha mliyoiomba wote. Samahani, nusu yake ni kichwa cha mtalii aliyesimama mbele yangu. Kule watu wanasukumana kama soko la Kenya siku ya Jumamosi (nasema soko la Kenya ya hapa kwetu Lubumbashi).

Askari hawa walipatikana mwezi wa tatu mwaka 1974, karibu kilomita 35 mashariki mwa Xi'an. Waliowapata hawakuwa wataalamu. Walikuwa wakulima, wakichimba kisima ju ya ukame. Walitafuta maji wakakuta kichwa cha mtu wa udongo. Leo kuna mashimo matatu, na askari wanakadiriwa kupita 8,000. Walitengenezwa kulinda kaburi la Qin Shi Huang, mfalme aliyeunganisha Uchina mwaka 221 kabla ya Kristo na kufa mwaka 210.

Watu wanapiga picha za nyuso, ju kila askari iko na uso wake. Mimi nilikuwa nahesabu vingine. Kwa kila fundi anayefinyanga askari, kuna mtu fulani analima chakula cha huyo fundi. Kwa kila askari wa kweli aliyeenda vitani, vilevile. Ufalme wa Qin ulikuwa mmoja tu kati ya falme saba zilizopigana. Kwa nini huu njo ulishinda zote? Vitabu vinasema sheria kali, jeshi, silaha. Yote kweli. Lakini mwalimu wetu aliniambia: "Ngoja tufike kwenye mfereji."

Picha ya tatu: bakuli

Kabla ya mfereji, tule kidogo. Hii picha ni ya mtaa wa Waislamu, nyuma ya mnara wa ngoma, katikati ya Xi'an. Wali niliutafuta, kumbe kule ni nchi ya ngano: tambi pana kama mkanda, mikate, maandazi ya mvuke. Walituletea bakuli tupu na mikate miwili migumu. Tukaangaliana. Kumbe wewe mwenyewe unaukata mkate kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha wanarudisha bakuli jikoni na kumwagia supu ya kondoo. Mimi nilikata vipande vikubwa kama ninavyokata bukari, na mpishi akarudisha bakuli langu: kata tena!

Tukiwa tunakata, dada wa Zambia akasema kwa Kibemba, akicheka: "Ninyi wa Lubumbashi mnajua kukata tu. Kulima ni sisi." Nikanyamaza. Akaongeza: "Siku serikali yetu ikifunga mpaka pale Kasumbalesa, ninyi mnalia."

Wandugu, ni utani, lakini mnajua ni kweli. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, na tangu siku zile bunga ya wafanyakazi ilikuwa inapanda kwa treni kutoka kusini, shaba inashuka. Zaidi ya miaka 110 imepita. Shaba bado inashuka, bunga bado inapanda. Mpaka ukifungwa, mfuko wa bunga unaruka bei wiki ileile, na kila mama wa Katuba, Kenya na Kamalondo anajua kabla ya redio kutangaza.

Picha ya nne: mfereji

Tulienda Jingyang, kaskazini mwa Xi'an, ng'ambo ya mto Wei. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuanikwa kando ya barabara, njano kabisa, kilomita na kilomita, na mashamba yanaandaliwa kwa ngano. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka katika shamba lilelile: mahindi wakati wa joto, ngano wakati wa baridi.

Sasa sikilizeni hadithi, iliyoandikwa na Sima Qian, mwanahistoria wa zamani wa Uchina. Mwaka 246 kabla ya Kristo, kaufalme kadogo ka Han kalikuwa kanaogopa jirani yake Qin. Wakubwa wa Han wakatafuta akili: tumchoshe huyu jirani. Wakamtuma fundi wa maji, jina lake Zheng Guo, aende kumshawishi mfalme wa Qin achimbe mfereji mkubwa sana, kutoka mto Jing mpaka mto Luo. Walifikiri: watu wote wakishika jembe, nani atashika upanga?

Qin wakakubali, wakaanza kuchimba. Katikati ya kazi, siri ikatoka. Wakataka kumuua Zheng Guo. Yeye akakubali kwamba alikuja kama mpelelezi, lakini akawaambia kwamba mfereji ukiisha, faida ni ya Qin. Wakafikiri, wakamwacha amalize.

Mfereji ulipita li 300, yaani zaidi ya kilomita mia moja. Ulimwagilia, kwa hesabu za Sima Qian, qing 40,000 za mashamba, na mengi yalikuwa ya chumvi, hayazai kitu. Hapa niwaeleze kama agronomi. Udongo wa kule ni wa njano, mwepesi kama bunga, uliletwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Mto Jing unaubeba, njo maana maji yake ni mazito na yana rangi ya chai. Ukiyaingiza shambani, yanafanya kazi mbili: yanaosha chumvi na kuishusha chini, na yanaacha tope jipya lenye rutuba. Watu wa zamani hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wanajua hilo. Sima Qian anasema tangu hapo uwanda huo haukujua tena mwaka wa njaa, Qin ikatajirika, ikashinda falme zote. Na ufalme wa kwanza kumezwa, mwaka 230, ulikuwa upi? Han, wale waliomtuma fundi.

Kwa hiyo wale askari wa udongo walisimama juu ya ngano na nafaka za mfereji huu. Wenye kuzilima hatujui uso hata mmoja.

Lakini mfereji si kitu unachimba mara moja na kulala. Mto Jing unakula kitanda chake, unashuka chini, na mlango wa mfereji unabaki juu, mkavu. Kwa hiyo kila ukoo wa wafalme ulipanda juu zaidi ya mto na kuchimba mlango mwingine. Mwaka 95 kabla ya Kristo wakaongeza mfereji mwingine, ulioitwa Bai. Waliposahau, mashamba yalikauka. Miaka ya 1928 mpaka 1930, jimbo hili lilipigwa na ukame na njaa ya kutisha, watu wengi sana wakafa. Ndipo Li Yizhi, mtoto wa jimbo hilohilo, aliyesoma uhandisi wa maji Ujerumani, akajenga upya mfereji wa mto Jing, na mwaka 1932 maji yakaanza kupita. Maji mnayoyaona kwenye picha yangu ni ya mfereji huo. Leo bado unamwagilia.

Na yule mzee mwenye jembe? Nilimwendea pamoja na mkalimani. Nikamuuliza wanagawanaje maji. Akasema kwa zamu, kila mmoja na saa zake. Zamu yake ya mwisho ilikuwa saa nane za usiku, na alikwenda. Kisha yeye akaniuliza: "Kwenu mvua inanyesha?" Nikasema ndiyo, kwetu Lubumbashi inanyesha milimita 1,200 hivi kwa mwaka, yaani karibu mara mbili ya huku, na mito iko mingi. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza: "Basi ninyi mahindi yenu mnauza nchi gani?"

Mkalimani akanitafsiria, akangoja. Dada wa Zambia akaangalia pembeni asicheke. Mimi, mwenye lisansi ya agronomi, na distinksyo, nilitafuta neno la kumjibu yule mzee na sikulipata. Nikasema "asante" tu, nikainua telefone, nikapiga picha.

Picha ya tano: uwanja mtupu

Picha ya mwisho haina kitu: majani, udongo uliopigwa ukawa mgumu, na mimi kwa mbali na mwavuli. Ni uwanja wa jumba la Daming, kaskazini ya mji, walipokaa wafalme wa Tang. Watalii wengi hawakai sana pale ju hakuna cha kuona. Mimi nilikaa mpaka mwalimu akanifuata, na pale njo alinijibu swali langu la siku ya kwanza.

Chang'an ilikuwa kubwa kuliko shamba lake. Uwanda wa mto Wei ni mzuri, lakini haukuweza kulisha mji ule, wakubwa wote na majeshi yote. Nafaka ilipaswa kutoka mashariki kwa mashua, kupanda Mto wa Njano, kupita penye mawe ya Sanmen ambapo vyombo vingi vilipasuka. Mavuno yakikosekana, mfalme mwenyewe alihama, akaenda Luoyang, mashariki, karibu na ghala. Mwaka 682 mfalme Gaozong aliondoka kwa haraka hivi kwamba watu wa msafara wake walikufa kwa njaa njiani. Mtoto wake Zhongzong, waliposhauri ahame naye, alikasirika, akauliza kama kweli kuna mfalme anayekimbizana na chakula. Baadaye, kuanzia mwaka 734, waziri Pei Yaoqing alipanga upya safari za mashua na maghala njiani. Kwa miaka mitatu ikaingia nafaka shi milioni 7, na tangu 736 mfalme Xuanzong hakuhamia tena Luoyang. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini maana yake pia: mji sasa unaishi kwa kamba moja ndefu.

Na mifereji ya nyumbani, ile ya Zheng Guo na Bai? Hapa njo nilikasirika. Matajiri na wakubwa walijenga vinu vya kusaga juu ya mifereji. Maji yakazungusha vinu vyao, hayakufika mashambani. Kutoka zile qing 40,000 za hesabu ya zamani, katikati ya karne ya 7 zilibaki kama 10,000, na miaka mia moja baadaye 6,000 na kitu. Mwaka 778 mfalme Daizong aliamuru vinu vibomolewe ili wakulima wapate maji. Binti yake mwenyewe, malkia mdogo Shengping, alikuwa na vinu viwili. Akaenda kumlilia baba. Mfalme akamjibu kwamba ameamua hivyo ju ya raia, na yeye awe wa kwanza kutoa mfano. Siku ileile akavibomoa, na vinu zaidi ya 80 vya wakubwa vikafuata.

Lakini baada ya wafalme hodari huja wengine. Mwaka 786 nafaka iliisha mjini, askari wakaanza kunung'unika barabarani. Habari ilipofika kwamba hu 30,000 za mchele zimefika njiani, mfalme Dezong alikimbia kwa mtoto wake kumwambia kwamba wao wawili wamepona. Mfalme wa nchi kubwa vile, na uhai wake uko ndani ya mashua chache!

Sisemi Chang'an iliuawa na njaa peke yake. Kulikuwa na uasi wa An Lushan mwaka 755, Watibeti walioingia mwaka 763, waasi wa Huang Chao mwaka 881. Mwisho, mwaka 904, jenerali mmoja alimlazimisha mfalme kuhamia Luoyang, akaamuru nyumba za Chang'an zivunjwe, na mbao zake zikaelea mtoni kwenda mashariki. Miaka mitatu baadaye Tang ikaisha. Chang'an haikurudi tena kuwa mji mkuu wa Uchina yote. Lakini waasi na majenerali wanapita kila mahali. Mji unaoweza kujilisha unasimama tena. Mji unaolishwa na kamba ndefu, kamba ikikatika, unabaki uwanja mtupu na majani.

Nyumbani

Sasa narudi pale sebuleni, Jumapili ile. Niliwaeleza haya yote, kwa maneno mafupi zaidi. Baba alikuwa anasinzia. Mama hakusinzia.

Niwaambie mama yangu ni nani. Mwaka 2003 baba alipotolewa kazini mgodini na bahasha ndogo baada ya miaka 22, bahasha ile ilikula miezi michache. Baada ya hapo tulikula kutoka bustani ya mama, kule kwenye kabonde karibu na mto Kafubu: lengalenga, nyanya, mahindi ya kiangazi. Minerval yangu ya fakilte ilitoka kwenye vitanda vile vya mboga. Leo wako ba mama 23 pale. Na kwa miaka mitatu sasa, bwana mmoja mwenye uwezo amejenga kizuizi juu ya kijito, akaweka pampu, maji yanakwenda kwenye mabwawa yake ya samaki na kwenye matofali. Kutoka mwezi wa nane mpaka mvua, kwa ba mama hakufiki kitu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo niliandika juu ya kijito kile kile. Nilipima maji, nikachora ramani, nikapata pointi nzuri. Kitabu kiko kabatini.

Mama akauliza: "Kumbe hata mutoto wa mufalme walimuvunjia kinu yake?"

"Ndiyo, mama. Alivunja mwenyewe."

"Na yule bwana wa pampu, yeye njo mutoto wa mufalme gani?"

Baba akafumbua macho, akacheka. Kisha akanikumbusha jambo lingine: nimeitwa kazi Kolwezi, ya kutunza ghala katika kampuni ya mgodi. Mshahara ni mara tatu ya ninaopata sasa. Napaswa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba anataka niende, na simlaumu. Alinilea akitamani nisishike jembe. Sijajibu bado, na sitaki kudanganya watu hapa kwamba nimeamua. Kila nikifungua telefone kuandika ile barua ya kukubali, naona swali la yule mzee: mahindi yenu mnauza nchi gani?

Basi ombi langu njo hili. Tulikwenda kwa shefu wa kijiji, ba mama na mimi, na ramani yangu. Alitupokea vizuri, akasema atafikiri. Yule bwana naye alisema hana karatasi inayomkataza. Lakini tuko na sheria ya maji, ile ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, nimeisoma mara mbili na Kifaransa chake cha mahakama kinanipita. Katika asosiasioni yetu wako wenye lisansi ya sheria, nawajua, tulikula pamoja kwenye homu. Hatutaki vita na bwana wa pampu. Tunataka zamu, kama kule Jingyang: siku zake, siku za ba mama, imeandikwa na kutiwa sahihi. Hata kama zamu ya ba mama ni saa nane za usiku, mama yangu amesema ataenda.

Tutakutana Jumamosi, saa nane ya mchana, nyumbani kwetu Katuba. Vipimo vyote vya maji viko, ramani iko, bukari itakuwako. Anayeweza kuja aje na kalamu.

Na wale wanaotaka foto za askari wa udongo, waniandikie kando, nitawatumia zote, hata ile yenye kichwa cha mtalii.